Mzaramo Aliyelala Mbele ya Jeneza

Juzi nilichelewa kupanda jukwaani kwa sababu ya ndoo ya asali. Ukumbi umejaa, mshereheshaji ameshalitaja jina langu, watu wanapiga makofi, na mimi niko mlango wa nyuma nimeinama juu ya ndoo ya kijana mmoja anayetembeza asali, pua yote imezama humo. "Ya wapi hii?" nikamuuliza. "Ya Tabora, mama." Wote husema ni ya Tabora, hata ile ya kuchemsha sukari jikoni. Lakini hii ilikuwa ya kwetu kweli! Chini ya utamu kulikuwa na moshi, chini ya moshi kulikuwa na nta, na ile nta ilikuwa baba yangu mzima mzima, anarudi kutoka porini na gunia lake begani. Nikaichukua ndoo yote. Nilipopanda jukwaani nikatupilia mbali vichekesho nilivyokuwa nimeviandaa, nikaanza kusimulia habari hii ninayoiandika hapa. Ninaiandika hasa kwa ajili yenu wenzangu wa rika langu, mliokimbia mchakamchaka alfajiri na kula unga wa njano mkaambiwa mshukuru.

Waandishi wa habari huniuliza kila mara nilijifunzia wapi kuchekesha. Huwa nawadanganya. Nimeshasema shuleni, nimeshasema kanisani, na binti mmoja wa redio nilimwambia nilifundishwa na beberu la jirani, naye akaandika. Ukweli ni kwamba nilijifunza msibani, tena msiba wa baba yangu, na mwalimu wangu alikuwa mwanamke wa Kizaramo niliyekuwa namchukia kwa moyo wangu wote. Na mtazamaji wangu wa kwanza alikuwa mtu mmoja tu, mama yangu. Bila kucheka asingekula, na asipokula, mdogo wangu Maganga aliyekuwa ananyonya angekufa. Ndivyo nilivyouanza usanii, na tangu siku hiyo hakuna ukumbi ulionitisha.

Baba alikuwa mrina asali upande wa Ipole, kule ambako misitu ya miti ya mitundu ilikuwa haijaguswa. Kwa kubeba mizinga ya magome bega moja miaka yote, shingo yake ilikuwa imepinda kidogo, akitembea unadhani anasikiliza kitu ardhini. Alikuwa bahili wa maneno. Kabla ya kusema lolote alisafisha koo mara mbili, "Hm-hm," tukanyamaza wote kusubiri hekima, halafu akasema, "Tutaona." Mvua itanyesha? Tutaona. Utaongeza ugali? Tutaona. Katibu wa tawi alipokuja kututangazia kwamba sote tunahamia kijiji cha ujamaa, akaeleza habari za shule na zahanati na maji hadi jasho likamtoka, baba alisafisha koo, akasema, "Tutaona." Na kweli aliona, maana lori lilikuja kabla wiki haijaisha.

Mimi lile lori nililipenda! Mama alikaa juu kabisa ya vyombo, amempakata Maganga na kuku mmoja, na mimi nikashika ubavu wa bodi nikiimba nyimbo zote za chama nilizozijua, nikidhani tunahamia mjini. Tuliposhushwa nikaona nyumba zimepangwa mstari mmoja na watoto kila mlango, nikaona hapa ndipo mahali. Baba hakufurahi. Mizinga yake ilibaki mahame, kule tulikohamishwa, mwendo wa nusu siku, na kila wiki alirudi huko kwa miguu kuiangalia, kwa njia ileile ya zamani waliyopita wapagazi na pembe za ndovu, ambayo babu yake naye aliipita hadi pwani. Siku za mkutano wa kijiji alikuwa na dawa yake. Akimsikia balozi wa nyumba kumi anakuja kumwita, alijitupa kitandani akafunga macho na kukoroma, mama akasema, "Amelala, anaumwa," na mimi nikafinywa nisicheke. Balozi akiondoka, jicho moja linafunguka. Naomba mlikumbuke jicho hilo, maana ndilo lililonipotosha baadaye.

Msimu wa asali ulipoisha baba alinichukua kwa basi hadi Tabora mjini kuuza asali na nta. Karibu na stesheni ya reli alikuwepo mama mmoja mnene, mweusi tititi, anakaanga vitumbua. Aliitwa Bi Chausiku, Mzaramo wa Kisarawe, mumewe alikuwa fundi wa reli. Alipomwona baba kwa mbali tu alisimama, akashika kiuno.

"Haa! Mpagazi huyoo!" Stesheni nzima iligeuka. "Leo umeleta pembe au umeleta njaa?"

Baba akatua debe chini. Nikasubiri "Tutaona." Badala yake akasema, "Nimeleta asali. Lakini nyie Wazaramo nikiwapa asali si mtaiunga nazi!"

"Na nyie mkipewa samaki mnamparua magamba kwa shoka! Babu yako alipita kwetu na jino la tembo kichwani, ulimi nje, anaomba maji. Tungemnyima siku ile, leo usingekuwepo hapa kunitisha na hilo shingo lako."

"Mlimpa maji, mkamvua na shuka. Alifika pwani uchi."

"Uchi alitoka nao kwao!"

Nilijificha nyuma ya debe, natafuta jiwe. Sikuwahi kusikia mtu anamtukana baba yangu, tena kwa shingo lake! Nikamtazama baba nione atamfanya nini, nikamkuta ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, anacheka hadi hana sauti. Nikaona maskini baba amechanganyikiwa kwa hasira. Bi Chausiku akaniona. "Na haka kapagazi kadogo kanaitwaje? Njoo, mwanangu. Hamjambo huko porini?" Nikasema shikamoo kwa meno yaliyofungwa. Akanipa kitumbua cha moto, nikakila chote huku nimemnunia.

Ndani ya basi nikamuuliza baba, "Kwa nini yule mama anakutukana?"

"Hm-hm. Mtani yule."

"Mtani ndiye nani?"

"Utaona," akasema, akalala kweli kweli hadi Ipole.

Baba alianguka kutoka kwenye mti wa mtundu mwanzoni mwa mvua, akitundika mzinga mpya kule mahame. Wanaume walimleta juu ya machela ya fito, na alikuwa ameshafariki njiani. Sitaki kukaa sana hapo. Nakumbuka magome ya mzinga yamenasa kwenye koti lake, na nakumbuka mama aliyatoa moja moja, akayapanga sakafuni, halafu akakaa chini, mgongo ukutani, akanyamaza. Hakupiga ukunga. Wanawake walilia kwa niaba yake, walimshika mabega, walimletea uji, yeye akawa anautazama ukuta wa mbele. Shangazi Kalunde, dada yake baba, mwanamke mrefu aliyejua kila mila na kila mwiko wa Kinyamwezi, alimwekea Maganga kifuani, na mama akamwacha anyonye bila kumwangalia.

Dereva wa basi alizipeleka habari mjini. Kesho yake, jeneza likiwa limeshatoka uani na mchungaji yuko mbele na kitabu chake, tukaona vumbi na watu watatu wanakimbia kutoka barabarani, wanaume wawili wa reli na mbele yao Bi Chausiku, khanga imefungwa kiunoni. Alitupita sote. Akafika mbele ya jeneza, akajitupa chini chali katikati ya njia, mikono kaitandaza.

"Haendi mtu!" akapiga kelele. "Mnampeleka wapi tapeli huyu? Hajafa huyu! Anajifanya amekufa asinipe asali yangu! Namjua mimi. Fungueni hilo sanduku nimwone anavyobana pumzi!"

Mchungaji akafunga kitabu, akaangalia mawingu. Wabebaji wakasimama. Nikadhani sasa watampiga, lakini hakuna aliyemgusa, na baadhi ya wazee, nawaambieni kweli, walikuwa wanauma midomo wasicheke. Na mimi moyo wangu ukaruka! Mbona sikufikiri? Ile kawaida ya baba, kujilaza na kukoroma balozi akija! Watu wazima wote wamedanganyika, na huyu mama mbaya peke yake ndiye aliyemgundua, kwa kuwa ana uchu na asali yake. Sikuwahi kumpenda mtu ghafla kiasi kile. Nikapenya katikati ya miguu ya watu, nikafika kwenye jeneza, nikaligonga kwa kiganja.

"Baba, amka! Ameshakuona!"

Wazee wakaacha kuuma midomo. Nikagonga tena, nikaweka jicho kwenye ufa wa mbao nilione lile jicho moja linafunguka. Shangazi Kalunde akaninyakua kwa kiuno. Bi Chausiku alinitazama kutoka pale mavumbini. Mzee mmoja akaleta kibuyu cha asali, akakiweka kwenye mkono wake uliokuwa wazi, na yeye akainuka polepole, akajikung'uta, akatuacha tupite. Baba akazikwa. Mimi nilisimama pale nikiwa na hasira na kila mtu aliyeshika jembe, kwa sababu hakuna aliyehakikisha.

Watu wakarudi nyumbani, ugali ukapikwa, wanaume nje na wanawake ndani, mama pale pale ukutani hajala. Mara mlango wa chumbani ukafunguka na baba akatoka.

Niliona kabisa kwamba ni baba. Koti lake, kofia yake ya pama, gunia begani, shingo upande. Akavuka uani hatua zake zilezile za kusikiliza ardhi, akamkuta kuku, akamwinamia, "Mwangaluka," kama alivyokuwa anawaamkia kuku wetu kila asubuhi kwa heshima zote. Akafika kwenye sinia la wazee. Akanusa ugali kushoto, akanusa kulia. Mtu akapaza sauti, "Karibu ule, bwana!" Yule baba akasafisha koo mara mbili. Watu wote wakanyamaza, hata watoto.

"Tutaona."

Jamani! Wazee walianguka. Mchungaji aliyekuwa ameshika kikombe alimwaga chai yote kwenye suruali. Na katikati ya vicheko vile nikasikia kimoja kinatoka ndani, chembamba, kinakwama kwama, nikageuka, nikamwona mama amefunika uso kwa khanga na mabega yanaruka. Mama anacheka! Bi Chausiku, maana sasa nilikiona kitambaa chake chekundu chini ya ile pama, aliingia ndani vilevile na shingo yake upande, akachuchumaa mbele ya mama, akakata tonge, akachovya kwenye mlenda.

"Kula, mke wangu," akasema kwa sauti ya baba. "Nisije nikasemwa huko ninakokwenda kwamba nilikuacha na njaa."

Mama akala. Tonge, na tonge jingine, machozi yanadondokea ugali. Jioni ile Maganga alinyonya hadi akalewa.

Asubuhi Bi Chausiku akaondoka na lile koti, ndiyo haki ya mtani, na shangazi akanikalisha jikoni akanieleza. Kwamba babu zetu walipopita Uzaramo na mizigo walitaniana na wenyeji, walipewa maji, walipougua njiani wenyeji waliwauguza, na walipokufa wenyeji waliwazika. Kwamba tangu hapo Mzaramo anaweza kuja nyumbani kwa Mnyamwezi siku ya msiba akafanya vituko vyote, na sisi kwao vilevile, na hakuna anayenuna. Kwamba kazi yao ni kuwatoa wafiwa kaburini, na mtani huulizia kwanza nyumbani mwenendo wa marehemu ndipo amwige. Nikaelewa mambo mawili kwa mara moja, kwamba yule mama hakumchukia baba, na kwamba baba hakuwa anajifanya. Nililia siku hiyo kwa mara ya kwanza, shangazi akaniacha nilie, akaendelea kupepeta.

Basi, mtani alipoondoka mama akarudi ukutani. Siku zikapita, mvua ikakaza, mto ukajaa, basi likaacha kuja. Wanawake walipika kila walichojua anakipenda, matobolwa ya viazi vikavu yenye karanga, mlenda, hata kuku mmoja alitutoka, na mama akawa analamba kidogo na kuweka chini. Kusema hasemi. Maganga akivuta ziwa anaachia, anapiga kelele, anavuta tena. Mkunga wa zahanati akaja chini ya mvua, akamminya mama kifua, akamwambia shangazi pembeni, lakini masikio yangu yalikuwa pale: "Maziwa yanakatika. Mama asipokula huyu mtoto hatutakuwa naye." Maziwa ya kopo hayakuwepo. Duka la ushirika lilikuwa na majembe na viberiti. Ng'ombe wako kijiji cha Choma huko kwa wafugaji, na Choma tungeifikia kwa mabawa? Maganga alianza kulia kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo iliniogopesha kuliko kelele zake zote.

Nikasema anayetakiwa ni Bi Chausiku. Shangazi akasema mto umejaa. Nikasema basi nitafanya mimi. Sikusubiri jibu. Nikachukua gunia, nikapindisha shingo, nikaingia alipo mama, nikasafisha koo. Sikufika mara ya pili, kofi la shangazi lilinikuta hapo.

"Mtoto wa marehemu hamwigi baba yake!" akasema. "Hiyo ni kazi ya watani. Mtani akimwiga anamheshimu, wewe ukimwiga unamtukana. Unataka laana iingie humu na yale yaliyokwisha kuingia?"

Mama hakugeuka hata kwa kofi. Nikatoka nikaenda kukaa mlangoni, shavu linawaka, natazama mvua. Na hapo, wenzangu, hapo ndipo kichwa changu kilipowaka taa kwa mara ya kwanza maishani! Mpaka leo nikipata kichekesho kizuri taa ileile inawaka. Niliinuka nikakimbilia kwa jirani kuazima khanga mbili. Moja kiunoni, moja kichwani, fundo kubwa upande, nikavimbisha mashavu, nikasukuma kiuno huku na kiuno huku, nikarudi kwetu katikati ya matope.

"Hodi! Wapagazi mpo? Au mmeshakufa wote mkaniacha na vitumbua vyangu?"

Shangazi akatokeza na mwiko mkononi. "Nilikwambia nini wewe?"

"Simwigi baba," nikasema harakaharaka. "Namwiga Bi Chausiku."

Mwiko ukabaki juu. "Bi Chausiku?"

"Si mtani wetu? Mtani si anataniwa?"

"Anataniwa," shangazi akakiri.

"Na Bi Chausiku siku ile alikuwa anafanya nini?"

Shangazi Kalunde aliwaza. Niliona mila zote za Unyamwezi zinapita usoni pake, anazikagua, anatafuta ile itakayonikamata. Alikuwa mkali lakini alikuwa mwadilifu. Akateremsha mwiko. "Alikuwa anamwiga baba yako," akasema. "Haya. Mwige Mzaramo. Lakini Mzaramo!"

Nimesimama mbele ya wakubwa wa nchi wasioruhusiwa kucheka. Nimechekesha walevi, nimechekesha mahabusu, nimechekesha harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Hakuna ukumbi mgumu kama chumba kile. Niliingia na maringo yangu ya pwani, nikalalamika kuhusu barabara, nikaomba samaki, nikaletewa mlenda, nikapiga yowe, "Mie huu ute nile mie?" Shangazi mlangoni alicheka puani. Mama alitazama ukuta. Nikalala chali sakafuni, haendi mtu. Ukuta. Maganga mapajani mwake alikuwa amenyamaza kabisa, macho nusu, na nikaanza kuingiwa na baridi, kwa sababu vituko vya Bi Chausiku nilivyovijua vilikuwa vimekwisha.

Kikabaki kimoja tu. Nikajifunga gunia, nikapindisha shingo, na bado nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha Kizaramo kichwani, ili shangazi asipate neno. Nikatoka nje nikaingia upya. Sijui kwa nini nilifungua mlango kwa mguu. Bi Chausiku hakufanya hivyo, angejuaje? Ila baba alipotoka porini mikono yote ilikuwa inanata asali hadi kwenye viwiko, hivyo aliusukuma mlango kwa mguu, akasimama pale mikono juu asishike kitu, na kabla ya kunawa, kabla ya kusema hata "Hm-hm," alikwenda kwanza kwa mama na kumpaka asali mdomoni kwa kidole kimoja. Kila safari. Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu. Nikasimama mikono juu. Nikavuka chumba. Nikapitisha kidole kitupu kwenye mdomo wa mama.

Nilijua nimevuka mpaka. Huyu hakuwa Bi Chausiku tena. Shangazi naye alijua, nikasubiri kofi. Halikuja.

Mama aliulamba mdomo wake. Macho yakatoka ukutani, yakapanda kwenye gunia, yakafika kwenye shingo yangu.

"Umechelewa leo," akasema.

Sauti ilikuwa kavu, imekaa siku nyingi bila kazi. Nilitamani kumrukia, nimwite mama, nilie, lakini kitu fulani kilinishika nisiivunje shingo yangu. Nikasafisha koo. Mara mbili, kwa utaratibu.

"Nyuki walikuwa wakali."

Mama akacheka. Si kile kicheko cha kukwama cha siku ya msiba, hiki kilitoka tumboni na kilio kimo ndani yake, na alicheka huku anashika gunia langu kwa nguvu zote. "Mwongo mkubwa wewe," akasema, na mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani. "Ulikuwa umelala huko chini ya mti, unamkimbia balozi. Kaa basi. Kalunde, mletee chakula huyu mtu, ametoka mbali."

Shangazi alileta ugali uliokusudiwa uwe wetu sisi watatu. Mama akanawa. Akanikatia tonge la kiume, kubwa, lile la baba, nikalila, akajikatia lake kwa sababu hakuwahi kumwacha baba ale peke yake. Kila nilipokula alikula. Nilikuwa nimeshiba hadi kooni na bado nikawa natafuna, shingo imepinda hadi inauma, maana niliona nikiacha kula na yeye ataacha. Aliniuliza habari za mahame, nikamwambia nyumba yetu imeota majani. Aliniuliza kama mvua itaharibu mizinga, nikasema tutaona, akanipiga begani, akakata tonge jingine. Bakuli la mlenda likaisha. Shangazi akaleta uji, akaunywa, akaomba tena.

Hatukufanya mara moja. Kila siku mchana, mvua inanyesha, Mzaramo alipiga hodi, na mume akausukuma mlango kwa mguu. Shangazi Kalunde alikuwa anakaa karibu kabisa siku hizo, mwiko mapajani, na nilipokosea hatua alinirekebisha: "Hapo bega lishuke zaidi. Kaka yangu hakutembea hivyo."

Na siku moja, chakula kikiwa katikati, Maganga akaanza kutafuta. Mama akamweka kifuani akiwa bado anatafuna. Mtoto akavuta, akaachia, akavuta tena. Sote tukaacha kula, mikono imebaki hewani. Shangazi alipiga magoti, akamwekea sikio karibu na koo lake dogo, akafumba macho.

"Anameza," akasema. "Jamani, anameza!"